Kandambili kwenye ekzosi

Ukitaka kujua kama bodaboda fulani hupiga mshikaki, usimuulize dereva. Inama uangalie ekzosi. Upande wa kulia, pale bomba linapopita kuelekea nyuma, mara nyingi utakuta doa limeganda, jeusi au la bluu, gumu kama lami iliyopoa, wakati mwingine likiwa na mistari ya soli iliyoliacha. Mshikaki, kwa msomaji asiyekaa Tanzania, ni kubeba abiria wawili kwenye pikipiki moja, wamebanana na dereva kama nyama kwenye kijiti. Abiria wa kwanza ana pa kukanyagia. Wa pili hana. Miguu yake inaning'inia, ikichoka inashuka, na kandambili ikikutana na bomba la moto mambo yanaisha ndani ya sekunde chache: soli inalainika, inanata, na mguu ukivutwa juu kipande cha kisigino kinabaki kwenye chuma.

Kulitoa doa hilo kuna ustadi wake. Mwenye haraka hulikwangua kwa bisibisi likiwa baridi, akaacha mikwaruzo kwenye kromu ambayo masika ya kwanza yataigeuza kutu. Fundi niliyemkuta kijiweni, karibu na hosteli tunazokaa wanafunzi, alifanya kinyume. Aliwasha injini akaiacha ingurume hadi doa likaanza kung'aa, akazima, akachukua kipande cha mti alichokichonga bapa, akasukuma taratibu. Doa lilitoka kwa vipande virefu, kama ukoko wa ugali uliolowekwa. Yaliyobaki aliyasubiri hadi bomba lipoe kabisa, ndipo akapitisha kitambaa chenye petroli kidogo, na mwisho waya wa kusugulia sufuria. Petroli kwenye bomba la moto, alisema, ni kujitafutia msiba.

Kabla bomba halijapoa nilikuwa nimemuuliza ni mpira wa namna gani huu unaoyeyuka kirahisi hivi.

“Dada, huo siyo mpira,” alijibu bila kuinua kichwa. “Mpira hauyeyuki.”

Akakata kipande cha tyubu kuukuu, ile mipira myeusi ya kufungia mizigo, akakikandamiza kwenye bomba. Kilitoa moshi na harufu ya kuchefua. Alipokiinua, kwenye chuma kulikuwa na masizi kidogo tu, yakafutika kwa kitambaa.

Mpira hauyeyuki. Mwaka 1835 kauli hiyo ingemfanya mtu wa Boston acheke au alie, kutegemea kama alikuwa amenunua hisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1830 Marekani ilikuwa imeshikwa na homa ya mpira. Viatu vya utomvu vilivyotoka Brazili viliwavutia watu kwa sababu havikupitisha maji, na kampuni zikaanzishwa kutengeneza viatu, makoti na mifuko ya aina hiyo. Mashuhuri zaidi ilikuwa ya Roxbury, jirani na Boston. Wakati wa baridi kali bidhaa zake zilikakamaa na kupasuka. Kiangazi kilipofika zilirudi kuwa kile kilichokuwemo ndani yake tangu mwanzo, yaani ulimbo. Viatu vilishikana na sakafu, makoti yakashikana na wenyewe, na mali iliyorudishwa kiwandani ilinuka kiasi kwamba, kama inavyosimuliwa, wakubwa wa kampuni waliizika usiku.

Charles Goodyear aliingia katika biashara hiyo wakati wenye akili walikuwa wanatoka. Alikuwa muuza vyombo vya chuma aliyefilisika, mtu aliyezifahamu jela za wadaiwa kuliko maabara. Alipata zabuni ya kutengeneza mifuko 150 ya posta ya serikali, akaitundika, akasafiri, na aliporudi mifuko ilikuwa imelegea na kuvuja kutoka kwenye vishikio vyake. Mwaka 1839, mjini Woburn, Massachusetts, mchanganyiko wake wa mpira na salfa uligusa jiko la moto. Wapo wanaosema ulimponyoka, wapo wanaosema aliuweka kwa makusudi. Visa vya uvumbuzi hupenda ajali. Muhimu ni kilichoonekana kwenye jiko. Badala ya kuyeyuka, mpira uliungua ukingoni kama ngozi, na pembeni ya sehemu iliyoungua ukabaki ukanda mwembamba, mkavu, unaovutika, usionata.

Kwa hiyo uvumbuzi uliotupa tairi ulianza kama mpira kwenye chuma cha moto, jambo lile lile ambalo kijiweni ni kero ya kusuguliwa kwa waya. Maelezo yake yalikuja baadaye sana. Mpira mbichi ni nyuzi ndefu mno zilizolaliana kama tambi kwenye bakuli: joto likizidi zinateleza, na ndipo unanata. Salfa, ambayo Kiswahili cha zamani kiliita kiberiti kabla jina hilo halijahamia kwenye njiti za kuwashia moto, ikipashwa pamoja na mpira hufunga mafundo kati ya uzi na uzi. Tambi zinakuwa wavu. Wavu unaweza kuuvuta ukarudi, unaweza kuuchoma ukateketea, lakini huwezi kuuyeyusha ukamimina upya. Thomas Hancock wa Uingereza alijipatia hataza yake mwaka 1843, Goodyear ya kwake 1844, na ugomvi wao ukawanufaisha mawakili. Goodyear alikufa mwaka 1860 na madeni makubwa. Kampuni ya matairi yenye jina lake ilianzishwa na watu wengine mwaka 1898.

Vitabu vingi humpa Goodyear sifa ya kuushinda unato wa mpira. Sikubaliani navyo, angalau si kwa urahisi huo. El Manatí, katika jimbo la Veracruz nchini Meksiko, wanaakiolojia wamefukua mipira ya kuchezea ya yapata mwaka 1600 kabla ya Kristo, iliyohifadhiwa na matope ya chemchemi. Watu wa huko walichanganya utomvu wa mti wao na maji ya mmea mmoja unaotambaa, wa jenasi moja na kiazi kitamu, na mchanganyiko huo uliupunguzia mpira unato na kuuongezea mdundo. Hawakufika kwenye mpira wa kuhimili ekzosi, hilo ni kweli. Lakini swali la namna ya kuufanya utomvu uache kuwa ulimbo walikuwa wamelijibu kwa namna yao zaidi ya miaka 3,000 kabla ya jiko la Woburn, na jibu lao linastahili zaidi ya tanbihi.

Mwaka 1887 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, alitengeneza tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Baiskeli zikafuatwa na magari, na dunia ikawa na njaa ya mpira isiyowahi kuonekana. Mpira huo ulikuwa bado msituni. Sehemu kubwa ilitoka Amazoni, na sehemu nyingine katika eneo ambalo Leopold wa Pili wa Ubelgiji alikuwa amelifanya mali yake binafsi tangu 1885 na kuliita Dola Huru ya Kongo.

Katika misitu ya Kongo mpira ulitoka kwenye mitambaazi mirefu inayopanda miti mikubwa kutafuta jua. Mgemaji alipanda, akachanja, akakinga utomvu. Ili ugande, njia mojawapo ilikuwa kuupaka mwilini, kwenye mikono, kifua na tumbo, na kuuacha ukauke juu ya ngozi. Kisha ulibanduliwa. Ulitoka na vinyweleo, na kwa wageni katika kazi hiyo ulitoka na maumivu makali. Nimesoma maelezo hayo mara kadhaa kwa ajili ya tasnifu yangu, na kila mara nasimama hapo hapo, labda kwa kuwa maafa mengine ya Kongo yanajulikana zaidi. Kabla ya bunduki na mateka, kazi yenyewe ya kila siku ilikuwa kuondoa mpira ulioganda juu ya kitu, na kitu hicho kilikuwa mwili wa mtu.

Mengine ni haya. Kijiji kilipangiwa kiasi cha mpira. Wanawake walishikwa mateka mpaka waume zao watimize. Askari walitakiwa kuthibitisha kwamba risasi hazikupotea bure, na uthibitisho ukawa mkono wa kulia uliokatwa. Mwaka 1904, katika misheni ya Baringa ndani ya eneo la kampuni ya ABIR, mmisionari Alice Seeley Harris alimpiga picha baba mmoja, Nsala, ameketi barazani akitazama mkono na mguu wa binti yake Boali, mtoto wa miaka mitano. Walinzi wa kampuni walikuwa wamemuua. Mwaka huo huo ripoti ya Roger Casement ilichapishwa London, na mwaka 1908 Leopold alilazimika kuikabidhi Kongo kwa serikali ya Ubelgiji.

Nilivyofundishwa mimi, jiko la Woburn lilikuwa kwenye kitabu cha kemia na mkono wa Boali kwenye kitabu cha historia, na hakuna mwalimu aliyevifungua vyote viwili juu ya meza moja. Ila bila lile jiko mpira ungebaki kitu cha viatu vinavyonata kiangazi. Ni uwezo wake wa kuhimili joto la barabara, la breki na la injini ulioufanya uwe na thamani ya kuulia. Simlaumu Goodyear. Nataka tu tukitaja mwaka 1839 tuutaje kama mwanzo wa mambo mawili.

Kwetu hadithi inaanzia kwenye neno lenyewe. Mpira, mipira: ni neno la ngeli ya miti, na katika pwani yetu mpira ulikuwa mmea kabla haujawa kitu cha kupigwa danadana. Mtambaazi wa misitu ya pwani uliogemwa kwa wingi unaitwa na wataalamu Landolphia kirkii, kwa heshima ya John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, aliyeihimiza biashara yake. Walioufahamu ulipo, unapotoa maziwa mazuri na namna ya kuyavingirisha yakawa tufe hawakupewa jina katika Kilatini. Leo neno hilo moja limebeba mmea, utomvu, tufe, mchezo wa Jumamosi, bomba la kumwagilia bustani na vitu vingine tunavyovinunua duka la dawa kwa sauti ya chini.

Nyuma ya Kilwa na Lindi, hasa Donde katika Liwale ya sasa, mpira wa msituni ulikuwa bidhaa kubwa mwishoni mwa karne ya 19. Wagemaji waliuza wenyewe kwa wachuuzi, wakapata nguo na silaha. Wajerumani walikuta biashara inakwenda, wakataka kuishika. Boma la Liwale lilikuwa miongoni mwa maboma ya mwanzo kuangushwa Maji Maji ilipolipuka mwaka 1905. Haitakuwa haki kusema vita ile ilipiganwa kwa ajili ya mpira. Kilimo cha lazima cha pamba, hasa Umatumbi, kina nafasi kubwa zaidi katika maelezo ya chanzo chake. Ila mtu aliyezoea kuingia msituni kwa hiari yake na kutoka na bidhaa ya kuuza alikuwa na sababu ya kuichukia pamba ya kulazimishwa.

Walowezi wa Kijerumani walipanda mpira wao mashambani, hasa upande wa Tanga na Morogoro. Mti waliouchagua ulikuwa wa Ceará, Brazili, ndugu wa karibu wa muhogo. Lilikuwa chaguo baya. Mwaka 1876 Mwingereza Henry Wickham alikuwa ametoa Amazoni mbegu kama 70,000 za mti mwingine, Hevea, zikapelekwa bustani ya Kew, na miche yake ikaenda Asia. Mashamba ya Malaya na Ceylon yalipoanza kutoa mpira kwa wingi, bei ya dunia ilianguka. Kufikia 1913 mashamba ya mpira ya Tanga yalikuwa hayana maana tena, na mengi yakaachwa au yakageuzwa ya mkonge.

Miti haikuondoka. Ilijipanda yenyewe kandokando ya njia na nyuma ya nyumba, na watu wakagundua kwamba majani yake, yakitwangwa na kupikwa kwa muda wa kutosha, ni mboga. Ndiyo kisamvu cha mpira. Nusu ya wanaokila kwa nazi na wali hawajui kwamba wanakula mabaki ya uwekezaji wa Kijerumani ulioshindwa. Katika miaka ya 1930 watafiti wa Amani, kule Usambara, waliutumia mti huo huo kuchanganya mbegu na muhogo ili kupata mihogo inayostahimili magonjwa ya batobato na michirizi. Kama mradi wa matairi ulikufa, kama chakula bado unaishi.

Mpira ulirudi kwa muda mfupi mwaka 1942, Wajapani walipoiteka Malaya na Uingereza ikakumbuka miti iliyoisahau Tanganyika. Mashamba ya zamani yakafufuliwa, vibarua wa lazima wakapelekwa. Vita ilipokwisha yakasinzia tena. Baada ya uhuru tulijaribu kwa mkono wetu: kiwanda cha General Tyre Arusha kilianza kutoa matairi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na shirika la umma lilikuwa na mashamba ya Hevea Kihuhwi, Muheza, na Kalunga, Kilombero. Kiwanda kilisimama mwaka 2009, muda ule ule bodaboda zilipokuwa zinaanza kujaa mitaani na kuhitaji matairi kuliko wakati wowote.

Tairi lililochoka lina maisha mengine, na yanatokana na lile wavu la salfa. Kwa kuwa haliyeyuki, huwezi kulirudisha kwenye sufuria ukamimina kitu kipya. Unaweza kulikata tu. Ndiyo maana mafundi wetu wa tairi ni watu wa kisu: ndoo za kisimani, kamba za mizigo, na juu ya vyote katambuga, ambazo Wakenya huziita akala. Vaa katambuga upande mshikaki wa saa nzima. Ekzosi itatoa harufu, soli itaungua kidogo, lakini haitaliachia bomba chochote cha maana. Kiatu cha maskini kuliko vyote sokoni ndicho kiatu chenye mpira wa kweli.

Kandambili na yeboyebo ni habari nyingine. Nyingi ni plastiki zilizofundishwa kuiga ulaini wa mpira: povu jepesi la EVA, au PVC. Mafundo kati ya nyuzi zake ni machache, au hayapo kabisa. Kwa kiwanda hilo ni faida, maana plastiki huyeyushwa, humiminwa, huumbwa haraka na kwa bei ndogo. Kwa mguu ulio juu ya bomba ni kurudi Roxbury: EVA hulegea hata kabla ya nyuzi joto 100, na bomba la pikipiki iliyotoka safari ndefu hupita hapo bila shida. Fundi alikuwa sahihi kikemia. Karibu miaka 200 baada ya watu kuhangaika kupata kiatu kisichonata, tumerudi kuvaa kinachonata, kwa sababu ni rahisi kukinunua kingine.

Bodaboda zenyewe zilianza kama baiskeli, miaka ya 1960, zikivusha watu na mizigo kati ya Kenya na Uganda pale Busia, mpaka hadi mpaka, na jina likabaki hata biashara ilipohamia kwenye injini. Kenya iliondoa VAT kwenye pikipiki ndogo mwaka 2008. Tanzania ilitunga kanuni za leseni za pikipiki za biashara mwaka 2010. Pikipiki za China na India zilizofuata zimeundwa kwa watu wawili, dereva na abiria mmoja, na sheria inasema vivyo hivyo. Nauli ya wanafunzi watatu waliochelewa kipindi haijawahi kusoma sheria hiyo.

Kinachonisumbua kuliko soli ni shavu la mguu. Zunguka darasa lolote la chuo uangalie miguu ya kulia, upande wa ndani, chini kidogo ya goti: alama ya duara, nyeusi au ya waridi, ya mtu aliyeshuka upande usiotakiwa au aliyevaa sketi fupi siku ya haraka. Wengi walipakwa dawa ya meno. Maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20 ndiyo yanayofaa, na dawa ya meno ibaki kwenye meno. Alama hizo hakuna kipande cha mti wala waya wa sufuria utakaozitoa.

Pikipiki nyingi zinakuja na bamba dogo la chuma lililofungwa juu ya ekzosi ili joto lisiufikie mguu. Lipo pale mguu wa abiria mmoja unapotarajiwa kuwa. Linaishia kama shibiri moja kabla ya mwisho wa bomba, na doa la bluu linaanzia hapo.